Siku Niliyobeba Ndoo Katikati ya Kituo cha Polisi

Hii stori nimeificha karibu mwaka mzima, na hata sasa nikiisimulia nahisi uso ukiwaka moto, lakini kwa vile watu wa kanisa letu wameshaisimulia kwa njia yao, na njia yao ina pingu ndani yake, acha niseme mwenyewe ilivyokuwa.

Kwanza kazi yangu. Naongoza timu ndogo hapa Thika inayopanga ukaguzi wa mahali watu wanapofungiwa, yaani seli za polisi na rumande. Sisi si polisi na si serikali. Tunafika, tunaangalia watu wanalala wapi, wanakula nini, wamekaa humo siku ngapi, halafu tunaandika. Mimi ndiye nasema nani aende wapi, na mimi ndiye niliyeandika sheria za timu, na kati ya hizo sheria ile niliyoipenda kuliko zote ni kwamba tukiongea na mahabusu, askari asione na asisikie. Nimeifundisha mara nyingi mpaka Muthoni, wakili wetu kijana, huiigiza kwa sauti yangu nikiwa nimetoka ofisini (anadhani sijui).

Sasa asubuhi ya siku hiyo, nyumbani Kimbo, gesi iliisha kabla hata chai haijachemka. Nikatoa githeri ya juzi, mahindi na maharagwe. Mume wangu akainusa akasema hiyo imechacha. Na mimi, mtu wa kuhubiria watoto kila siku kwamba chakula hakitupwi, nikaila baridi hivyo hivyo, sahani nzima, nikaiteremsha na maziwa mala, yale ya mgando, nikamwambia tumbo langu si la matajiri wa Membley.

Kituo chenyewe sitakitaja. Ni kati ya Ruiru na Thika, hiyo inatosha. Tulifika watatu, mimi na Muthoni na Kilonzo, ambaye ni nesi. Simu tukaziacha kaunta kama inavyotakiwa, Muthoni akabaki hapo akisoma rejista, Kilonzo akaenda kwa wanaume, nami nikachukua seli ya wanawake. Koplo mmoja mpole alinifungulia, akataka kusimama hapo mlangoni. Nikamwambia hapana, afunge, aende mbali kabisa, na asirudi mpaka nigonge. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya semina kwamba hiyo ndiyo maana ya faragha. Akafunga, akaenda zake.

Ndani kulikuwa na wanawake watano wameketi kwenye simiti, na kwenye kona ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini, ndiyo choo chao, bila pazia wala chochote cha kuificha. Nikajitambulisha, nikaeleza, nikauliza maswali yangu. Hakuna aliyejibu. Mkubwa wao, mama wa miaka hamsini na kitu aliyeshikwa kwenye msako wa pombe, ambaye wenzake walimwita Mama Shiru, ndiye aliyenieleza kwa nini. Alisema wengine kama mimi walikuja, wakaandika, wakaenda, halafu waliobaki wakaulizwa na askari ni nani aliyesema nini. Pembeni yake kulikuwa na msichana anaitwa Nduku, amejifunika kifua kwa sweta na joto lote lile, hata macho hakuinua.

Nilikuwa nimefika swali la vyoo (ndiyo, la vyoo) wakati tumbo liliponguruma. Nikakohoa kulifunika. Likanguruma tena, safari hii na maumivu yake, na jasho likanitoka mgongoni, nikajua hapa hakuna mjadala. Nikagonga mlango kwa heshima. Kimya. Nikagonga kwa nguvu. Nikagonga kwa ngumi zote mbili nikimwita koplo, afande, Muthoni, yeyote.

Baadaye nilikuja kuelewa. Lori lilikuwa limeanguka kwenye barabara kuu na koplo alikuwa amekimbizwa huko na funguo ziko mfukoni. Na Muthoni alisikia kugonga, akamuuliza askari wa kaunta ni nini, akajibiwa kwamba hao hugonga tu, ni kawaida yao. Ndipo nilipojua mlango wa seli ukigongwa kutoka ndani ni sauti ya kawaida, hata kama anayegonga ni yule aliyeandika sheria za timu.

Nikageuka. Wale wanawake walikuwa wakiniangalia, na nadhani uso wangu ulikuwa umeshasema kila kitu. Nikaiangalia ile ndoo. Mimi niliyeandika kwenye ripoti nyingi maneno "faragha ya choo haitoshi" nikiwa nimekaa kwenye kiti, nilisimama pale miguu imebana kama mtoto wa nasari, machozi yakinilengalenga.

Mama Shiru alifungua leso yake kiunoni, akampa Nduku ncha moja, mwingine akatoa shuka yake, na dakika hiyo hiyo wakasimama wote watano wamenipa mgongo, wamenizungushia pazia kwenye kona. Na ili nisisikike, Mama Shiru akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, wengine wakaitikia. Nimefanyiwa mema mengi maishani, lakini hilo nitalikumbuka nikiwa mzee.

Basi nikiwa hapo hapo, katikati ya ubeti wa pili, funguo zikalia mlangoni. Koplo alikuwa amerudi, na nyuma yake mkuu wa kituo mwenyewe, na Muthoni, na Kilonzo, kwa sababu nilikuwa nimekaa sana. Mkuu wa kituo akauliza madam wa ukaguzi yuko wapi. Mimi nikashika pumzi. Sheria yangu, semina zangu, cheo changu, vyote viko nyuma ya leso ya maua.

"Kuna mtu msalani," Mama Shiru akasema bila kugeuka. "Mtupatie dakika tano, na mgeuke."

Akaheshimiwa. Wakatoka, wakarudisha mlango.

Nilipomaliza, Mama Shiru akanimwagia maji kidogo mikononi kutoka chupa yake, na hayo ndiyo yalikuwa maji yake ya kunywa ya siku hiyo. Nikalia tu. Ndipo Nduku akanisogelea. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba leo ni siku yake ya nne hapo na hajapelekwa kortini, na ana mtoto wa miezi minne aliyebaki kwa jirani huko Kahawa Wendani, na akasogeza sweta nikaona blauzi ilivyolowa maziwa. Nikamuuliza kama anakubali niliseme hilo kwa jina lake. Akawaangalia wenzake. Mama Shiru akamwambia, "Mwambie. Huyu tumeshamuona."

Sasa hapo ningeondoka vizuri, lakini nilijua ile ndoo ikibaki, mmoja wao ndiye atakayeimwaga kesho asubuhi. Nikaiinua mwenyewe. Koplo akaniambia madam wacha, nikakataa. Na choo cha kumwaga kiko nyuma ya kituo, njia ni moja tu, inapita mbele ya kaunta, na mbele ya kaunta kuna foleni ya watu, na katika foleni hiyo, akiwa amekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea, amesimama Mama Njeri, kiongozi wa kina mama wa kanisa letu. Tukaangaliana. Akaangalia ndoo, akamwangalia koplo aliye nyuma yangu. Nikamsalimia Bwana asifiwe. Alifunga macho, na midomo yake ikaanza kuomba.

Jioni hiyo, kabla hata giza halijaingia, kina mama kumi na wawili walifika kwangu na mkate na sukari na majani chai. Waliomba nifunguliwe kutoka mikono ya adui, wakamwombea mume wangu nguvu ya kulea watoto peke yake, na mimi nimeketi hapo hapo kwenye sofa nikijaribu kueleza. Mmoja akanishika mkono akaniambia nisione haya, hata mtume Paulo alifungwa. Nilicheka mpaka wakaogopa. Lakini niseme ukweli, walikuja. Waliamini nimefungwa, na bado walikuja, na mkate.

Muthoni alimwonyesha mkuu wa kituo zile siku nne kwenye rejista, wakati sheria inataka saa ishirini na nne, na Nduku akafikishwa kortini alasiri ya siku ile ile, Muthoni akasimama naye, akaachiliwa, na kabla ya jioni alikuwa na mtoto wake. Kwa wale waliobaki, Muthoni alirudi siku iliyofuata na wiki iliyofuata kuhakikisha hakuna anayesumbuliwa kwa sababu yetu.

Ripoti niliiandika mwenyewe. Sheria yetu nyingine ni kwamba kila jambo tunaloandika lazima tuonyeshe tumelijuaje, kama ni mahabusu amesema au mwangalizi ameona. Nilipofika kwenye vyoo nilikaa sana na kalamu, halafu nikaandika: mwangalizi ametumia. Muthoni aliposoma hakuniigiza. Aliuliza tu kama kweli nataka ibaki hivyo, nikamwambia ibaki. Mkuu wa kituo alipoifikia hiyo mistari mbele yangu aliuliza choo cha seli kinatakiwa kuwa na mlango wa upana gani. Miezi miwili baadaye choo kilikuwepo, na mlango wake.

Mimi sasa nikiingia seli naomba askari asimame pale ambapo hatasikia tukiongea lakini atasikia nikigonga. Na akigonga mtu mwingine yeyote nikiwa kaunta, hata kama nimeambiwa ni kawaida yao, naenda kuona.