Mlinda Kivuko Aliyetaka Kufa kwa Jina la Babu Yake

Jumamosi inapambazuka kwa shida. Mvua haijakata tangu juzi. Kwenye kivuko cha reli cha Sumbergayam, Java ya Kati, Sugiyatno anashusha vizuizi kwa ajili ya treni ya mwisho ya zamu yake. Koti lake la mvua limeishia magotini, kwa kuwa dukani hakuna koti lililoshonwa kwa mtu wa urefu huo.

Nyuma ya kizuizi, muuza tofu aliyepanda pikipiki anapaza sauti.

“Kaka Yatno! Leo unakufa saa ngapi?”

“Saa nne, mvua ikiruhusu.”

“Ufe vizuri basi! Mwaka jana ulikufa huku unajikuna.”

“Mwaka jana nilikuwa Mholanzi, na Mholanzi hufa vyovyote. Leo nakufa Mjava, ndugu yangu, tena shujaa.”

Treni inapita. Sugiyatno anapandisha vizuizi, anamkabidhi mwenzake zamu, kisha anaelekea uwanjani bila hata kunywa chai.

Ana umri wa miaka hamsini na minne. Mshahara wake ni rupia milioni mbili na laki tatu kwa mwezi, nao hutakiwa kutosha mchele, umeme na dawa za mama yake. Starehe yake ni moja tu. Kila Desemba, kwa miaka kumi na minne, amekuwa katika kikundi kinachoigiza mbele ya umma mapigano ya mwishoni mwa mwaka 1948, askari wa Kiholanzi walipouingia mji huu.

Tatizo la kikundi hicho ni kwamba hakuna anayetaka kuwa Mholanzi. Kwa desturi, mzigo huo huwaangukia warefu na weupe, na Sugiyatno ni vyote viwili. Nywele zake hupakwa rangi ya mahindi mabichi, naye hufundishwa matusi matatu ya Kiholanzi. Watoto humrushia maganda ya karanga.

“Mholanzi, rudi kwenu!” humzomea.

“Kwetu ni hapo nyuma ya stesheni,” huwajibu. “Njooni mnywe chai.”

Miongoni mwa wanaouawa katika maigizo hayo ni Karsono, mkulima aliyepeleka ujumbe wa wapiganaji, akaburutwa kutoka nyumbani kwake na kupigwa risasi. Karsono alikuwa babu yake Sugiyatno. Wazee wanasema urefu ule ni wake.

Binti wa Karsono, Mama Saginah, alikuwa na umri wa miaka sita siku hiyo. Sasa ana miaka themanini na mitatu. Hakuwahi kwenda kumtazama mwanawe akiigiza. “Sikukuzaa uvae nguo zile,” alimwambia mwaka wa kwanza, na mjadala ukaishia hapo.

Miaka miwili iliyopita kumbukumbu zake zilianza kumtoka. Baba yake anamkumbuka, wanawe anawasahau. Kuna siku humwita Sugiyatno “bwana wa reli” na kumuuliza kama ana mama.

Ndiyo maana mwaka huu Sugiyatno alimwomba Pak Hendro, yaani Mzee Hendro, mwalimu mstaafu anayekiongoza kikundi, ampe nafasi ya Karsono. Dada yake, Lasmi, angemleta mama uwanjani.

“Nilifikiri hivi,” anaeleza. “Akimwona baba yake, na katika uso wa baba yake akaniona mimi, huenda jina langu litamrudia.”

Pak Hendro alikubali. Lakini asubuhi ya Jumamosi hiyo, Sugiyatno akiwa ameshavaa nguo nyeusi za mkulima, ikaja simu: lori lililowabeba waigizaji wa Waholanzi kutoka mji jirani lilikuwa limezuiwa na maporomoko ya udongo.

“Yatno, mwanangu,” alianza Pak Hendro, “bila Mholanzi hakuna vita.”

“Mzee, uliniahidi.”

“Niliahidi, na kesho nitatimiza. Leo nina Waholanzi wawili tu. Mmoja ana kitambi, mwingine ana kikohozi. Niwaonyeshe watu hospitali?”

Sugiyatno aliitazama mvua. Katika hali kama ile, alijiambia, mama asingetolewa nje. Alimpigia Lasmi simu, akamwomba amlete kesho yake. Alisema sababu ni mvua. Hakusema kwamba amebadilishiwa nafasi.

Nguo nyeusi alimpa Bagas, kijana anayefundisha shule ya msingi. Yeye akavaa sare ya kijani, akapakwa rangi kichwani.

Ambacho hakukijua ni kwamba, saa ile ile, mama yake alikuwa ameamka na akili timamu.

“Aliniuliza, ‘Yatno anacheza leo?’ Alilitaja jina mwenyewe!” anasema Lasmi. “Nikasema simsubirishi mpaka kesho. Kesho atakuwa ameshasahau. Nikamfunga mifuko ya plastiki miguuni, nikamwita jirani mwenye gari. Nilitaka kumshangaza kaka yangu.”

Uwanja ulikuwa tope tupu. Fataki zilizowekwa badala ya risasi zilikuwa zimelowa, zikakataa kulipuka, hata wapiganaji wakalazimika kupiga risasi kwa midomo.

“Pa! Pa! Pa!”

“Mpeni maji ya moto huyo,” alidakia mtazamaji mmoja chini ya mwavuli, “risasi zimemkwama kooni!”

Watu walicheka. Walikuwa bado wanacheka Sugiyatno alipoingia katika kibanda cha mianzi, akamkamata Bagas ukosi na kumburuta nje kwenye tope, kama alivyofundishwa kufanya.

Ndipo uliposikika ukelele.

Watazamaji walidhani ni sehemu ya maigizo. Wengine walipiga makofi. Sugiyatno aliitambua sauti. Alimwachia Bagas, akakimbia kuelekea kwenye turubai la wazee, viatu vizito miguuni na bunduki ya mbao mgongoni.

“Mama, ni mimi! Mimi Yatno!”

“Vua kofia, Kaka!” Lasmi alipiga kelele. “Ivue!”

Aliivua. Chini ya kofia ya chuma zilikuwamo zile nywele za rangi ya mahindi.

Mama Saginah alikunja mikono kifuani, akainamisha kichwa, akanena kwa sauti nyembamba ya mtoto: “Baba hayumo, bwana. Ameenda kwa shangazi. Humu tumo mimi na mama tu.”

Maneno hayo wanawe hawakuwahi kuyasikia. Hawakuhitaji kuelezwa ni nani aliyemfundisha akiwa na miaka sita, wala alimfundisha ili awaambie akina nani.

“Aliniomba,” anasema Sugiyatno. “Mama yangu aliniita bwana, akaniomba nisimuue baba yake.”

Jumapili mvua iliendelea. Pak Hendro alitimiza ahadi yake. Sugiyatno aliigiza kifo cha Karsono mbele ya watu wasiozidi ishirini, wengi wao wakiwa jamaa za waigizaji. Bagas anasema hajapata kuona mtu akianguka namna ile, kimya kabisa.

“Nilikufa vizuri,” anakiri Sugiyatno. “Lakini hakuwapo wa kunitazama.”

Wiki tatu zimepita. Kila jioni, kabla ya kwenda kazini, yeye ndiye anayempelekea mama uji. Siku za mwanzo, kivuli chake kilipojaza mlango, mama alijifunika shuka. Siku hizi huingia kama watoto wa zamani walivyofundishwa kuwaendea wakubwa: amechuchumaa, akijongea hatua fupi fupi, bakuli mkononi.

“Magoti yananiuma,” anasema. “Lakini nikiwa chini haniogopi.”

Anapomaliza uji, Mama Saginah huuliza swali lile lile. “Wameondoka?”

“Wameondoka, Mama.”

“Basi mwambie baba atoke.”

Mpaka sasa, ombi hilo Sugiyatno hulijibu kwa kumfuta mdomo. Lakini ana mpango. Zile nguo nyeusi amezifua na kuzitundika jikoni, juu ya meko, maana nje hakukauki kitu. Zikikauka atazivaa, atazunguka nyuma ya nyumba, na mama atakapomwita baba yake, ataingia kwa mlango wa jikoni.

Lasmi hakubaliani naye. “Utamchanganya zaidi, Kaka.”

“Ameshachanganyikiwa, Lasmi. Kwa sasa anamsubiri mtu, na mtu mwenyewe haji.”

“Na wewe je? Si ulitaka akukumbuke?”

Sugiyatno anazigusa nguo juu ya meko. Bado zina unyevu kwenye mishono.

“Nilitaka,” anasema. “Sasa basi. Akiniita baba, nitaitika.”