Zamu ya Celina

Celina hakuwa mvivu, na hata wale waliomwondoa kijijini hawakuthubutu kusema hivyo. Alizaliwa Rubafu, kaskazini mwa Bukoba, akaolewa na mtu wa karibu na Rubya, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka kwao. Alikuta kibanja kidogo chenye migomba iliyochoka na mibuni iliyosongwa na magugu. Alikipalilia miaka kumi, mpaka watu wakawa wanasimama njiani kukitazama. Mwaka 1949 mumewe akafa kwa homa ya mapafu, akamwachia kibanja hicho na mtoto mmoja wa kiume, Mwijage, mwenye umri wa miaka sita.

Mtoto huyo ndiye aliyemfanya Celina aendelee kulala katika nyumba ile. Mjane asiye na mwana alirudishwa kwao. Mwenye mwana aliachwa amlee mrithi. Lakini Mwijage alikuwa na kifafa. Alianguka mara mbili au tatu kwa juma, popote pale: kisimani, njiani, kanisani katikati ya mahubiri. Siku moja alianguka karibu na mafiga, akaungua mkono wa kushoto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo mama yake hakumwacha peke yake tena, na magugu yakarudi kibanjani.

Watu waliamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa, nawe utaanguka. Waliacha kuja. Wachache waliokuja hawakukubali kutafuna kahawa ya Celina. Aliwaletea kikapu kidogo cha buni zilizopikwa na kukaushwa, kama desturi inavyotaka kwa kila mgeni, nao wakasema wameshatafuna njiani.

"Nyote wanne mmetafuna njiani?" aliwauliza wanawake fulani siku moja. "Basi njia ya kwangu siku hizi inaota kahawa iliyokwisha kupikwa."

Hakuna aliyecheka.

Mwezi wa Machi mwaka 1952 shemeji yake, Rweyemamu, alifika na wazee wawili wa ukoo. Alizunguka kibanja akiyapiga magugu kwa fimbo.

"Shemeji, hiki ni kibanja au ni rweya? Ningeleta ng'ombe wangu hapa wangeshiba."

Rweya ni ile nyika ya majani nje ya kijiji, isiyokuwa na migomba wala nyumba. Kuambiwa kwamba shamba lako limekuwa rweya ni tusi.

"Nina mikono miwili, Ta Rweyemamu," Celina alijibu, "na mmoja umemshika mtoto wa ndugu yako."

"Hilo tunalijua. Lakini ndugu yangu hakuacha mali ili iliwe na magugu. Tutarudi baada ya sikukuu ya Mtakatifu Petro. Tukikuta hivi hivi, ukoo utachukua kibanja chake."

Ilibaki miezi mitatu. Magugu yalipaswa kung'olewa, na majani makavu yakatwe rweya, yabebwe kichwani na kutandazwa chini ya migomba kabla ya kiangazi. Kwa mtu mmoja aliyefungwa na mgonjwa, kazi hiyo isingeisha hata mwaka. Kwa wanawake kumi na wawili ilikuwa kazi ya siku mbili.

Na wanawake kumi na wawili walikuwapo. Walikuwa na kikundi chao cha zamu: leo wote shambani kwa huyu, juma lijalo wote kwa yule, mpaka mzunguko umalizike. Celina alikuwa mmoja wao tangu alipoolewa. Alikwenda kwa kiongozi wao, Felicitas, akamkuta anamenya ndizi, na wenzake wawili watatu wakimsaidia. Mwijage alikuwa mgongoni mwa mama yake.

"Ma Felicitas, nimekuja kuuliza zamu yangu."

"Zamu gani, waitu, mwenzetu?" Felicitas hakuinua macho. "Kwa Jovitha hukuja. Kwa Anatolia hukuja. Kwangu mimi ulikuja, ukaondoka jua halijapanda."

"Mtoto alianguka."

"Alianguka, ndiyo. Na majani yangu je, yalijibeba?"

Wenzake wakacheka. Anatolia hakucheka. Yeye ndiye aliyemsimamia Mwijage siku ya ubatizo, na nyumba yake ilipakana na ya Celina.

"Niruhusuni nije naye," Celina alisema. "Atakaa kivulini."

"Usituletee!" mmoja alidakia. "Nina mimba mimi."

"Basi mmoja wenu akae naye nyumbani siku hizo. Mmoja tu. Kazi yake nitaifanya mimi pamoja na yangu."

Visu viliendelea kumenya. Celina alimtazama Anatolia, na Anatolia akamtazama mtoto wake mchanga aliyekuwa ananyonya.

"Mimi mwenyewe unaniona, mama Mwijage," alisema polepole. "Nina huyu."

Felicitas alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alikata shauri palepale: Celina alipe siku tatu alizokosa, zamu tatu mfululizo, bila kuondoka mapema; akimaliza, kikundi kizima kitaingia kwake kabla ya Mtakatifu Petro. Wenzake wakaona ni shauri jema. Hakuna aliyeuliza mtoto atabaki na nani.

Siku ya kwanza Celina alizima moto, akamwaga maji juu ya jivu, akaondoa kisu, jembe na vigoda. Alitandika majani mengi sakafuni. Kisha akachukua kamba ya mgomba, akaizungushia kitambaa ili isimchubue mwanawe, akamfunga kiunoni kwenye nguzo ya katikati.

"Mama, leo mimi ni mbuzi wa Noeli?" Mwijage aliuliza.

"Wewe ni mbuzi wa mfalme. Mbuzi wa mfalme haendi popote, huletewa chakula."

"Na mfalme atamchinja lini?"

"Nyamaza, mwanangu," alisema, akatoka haraka.

Siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Jioni alimkuta Mwijage amelala, mzima, ndizi zake amezimaliza. Juma la pili ilikuwa vilevile, ila alikuwa amejikojolea na kulia mpaka sauti ikakauka. Wanawake walimsifu Celina waziwazi. "Umeona, Celina? Ukitaka, unaweza." Alisubiri wamuulize juu ya mtoto. Waliuliza habari ya bei ya kahawa, na ya padri mpya.

Siku ya tatu ilikuwa kwa Felicitas. Walikuwa rweya wanafunga mizigo ya majani iliposikika enduru, ile sauti kali ya kuita msaada ambayo kila anayeisikia lazima aiache kazi yake akimbie. Celina alijua inakotoka kabla ya kuisikiliza vizuri. Aliutupa mzigo.

Aliyepiga enduru alikuwa Anatolia, aliyekuwa amerudi nyumbani mara moja kumnyonyesha mtoto. Moto wake ulikuwa umezimika, akaenda kwa Celina kutafuta kaa la moto, akamkuta Mwijage chini ya nguzo, amefungwa, anatetemeka mwili mzima, povu limemjaa kinywani.

Celina alipofika, ua wake ulikuwa umejaa. Katika miaka yote ya ugonjwa wa mwanawe hakuwahi kuona watu wengi namna ile nyumbani kwake. Wanaume walikuja na mikuki, wakidhani ni mwizi au chui. Wanawake walishika vichwa. "Mawe, mama wee! Amemfunga kama mnyama!" "Mama gani huyu?" Alipenya katikati yao, akaingia ndani.

Mwijage alikuwa bado amefungwa.

Kutetemeka kulikuwa kumekoma. Alilala kifudifudi kadiri kamba ilivyomruhusu, shavu kwenye majani yaliyolowa, akipumua kwa kukoroma. Watu sita walikuwa wamesimama ndani ya nyumba, na kila mmoja alikuwa ameacha nafasi ya hatua tatu kati yake na mtoto. Mmoja alikuwa na panga mkononi. Celina alipiga magoti akafungua fundo kwa meno. Akamgeuza mwanawe ubavu, akampangusa povu kwa kiganja chake kitupu, mbele yao wote.

"Mlikuwa mnangoja nini?" aliuliza. "Anatolia, mama wa ubatizo, ulikuwa unangoja nini?"

Anatolia alilia.

Wazee wa ukoo hawakungoja Mtakatifu Petro. Walikaa kesho yake, na Rweyemamu akasema maneno machache tu: mwanamke anayemfunga mrithi kwenye nguzo hawezi kukabidhiwa mali ya mrithi. Kibanja atakitunza yeye.

"Na mrithi mwenyewe utamtunza?" Celina aliuliza.

Rweyemamu alikohoa. "Mtoto mgonjwa mahali pake ni kwa mama yake."

"Kwa mama huyu huyu anayemfunga?"

Mzee mmoja alisema shauri limekwisha. Kikundi nacho kilikuwa na neno lake: siku ya tatu haikukamilika, maana Celina aliutupa mzigo rweya, kwa hiyo zamu yake haikuwapo. Felicitas alilisema hilo kwa huzuni ya kweli. Alikuwa amefikiri usiku kucha, alisema, na hakuona njia nyingine.

Asubuhi ya kuondoka, wenzake wote kumi na mmoja walikuja kumuaga. Walikuja kwa wingi na kwa moyo, kila mmoja na kitu: maharage mapya, viazi, samaki waliokaushwa. Felicitas alibeba kichwani mkungu mzima wa ndizi, ule mkubwa wa kupewa wakwe. Mwijage alikuwa ameamka mnyonge, hawezi kutembea, na alikuwa na miaka tisa, miguu mirefu. Celina alikuwa tayari amembeba mgongoni, na nguo zao amezifunga kichwani.

"Pokea, waitu," Felicitas alisema. "Usiondoke kwetu mikono mitupu."

Mikono ya Celina ilikuwa nyuma, imeshika mapaja ya mwanawe.

"Ma Felicitas," alisema, "nipokee kwa mkono upi?"

Walitazamana. Mmoja alisema labda mtoto angeweza kushushwa kidogo, mizigo ipangwe upya. Mwingine alisema njia ni ndefu. Hakuna aliyesema atamsindikiza hata mpaka mtoni. Wakaviweka vyakula chini, uani, kimoja juu ya kingine, na Celina akavizunguka, akashika njia ya Rubafu.