Kichwa Chenye Ufa

Jirani yangu Huguette alikuwa mkusanyaji wa ajabu. Wenzake wote hapa mjini Vendôme, wakiona mwanasesere wa zamani wa kauri kwenye gulio la Jumapili, humvua wigi na kumulika tochi ndani ya kichwa. Wakikuta ufa, humrudisha mezani upesi kama waliogusa kaa la moto. Huguette naye alimulika, ila akikuta kichwa kizima alisononeka. "Kizima," alininong'oneza kila mara, na tukahamia meza nyingine.

Wauzaji walimwona hamnazo, lakini mimi nilikijua kisa. Utotoni, dada yake Arlette alimwangusha mwanasesere wa mama yao, kichwa kikapata ufa kutoka sikioni hadi kidevuni. Mama akakichomoa kichwa, akakipeleka kwa fundi wa wanasesere. Kabla hawajakifuata, fundi akafariki na vitu vya dukani vikauzwa vyote. Kiwiliwili kikabaki kitandani kwa Huguette, kimevaa gauni lake la hariri, bila kichwa. Kabati zake zilijaa wanasesere warembo, lakini huyo asiye na uso ndiye aliyemnyima raha. Na Arlette maskini hakupumua: kila Krismasi, keki haijakatwa, lazima akumbushwe.

Jumapili moja ya Mei, Huguette aliokota mezani kichwa kisicho na mwili, na mzee muuzaji akamwambia kwa haya, "Hicho usihangaike nacho, mama. Kina ufa."

Huguette akamulika. Ufa ulianzia nyuma ya sikio la kushoto, ukapinda hadi kidevuni kama mkia wa panya. Aliufuata kwa kidole, akacheka, akalia, akambusu yule mzee mashavu yote mawili. Mzee alibaki ameduwaa, na mimi nilifurahi utadhani kichwa ni changu.

Jioni hiyo Arlette alikuja mbio na chupa ya mvinyo. Huguette alivuta uzi wa mpira kutoka ndani ya kiwiliwili, akaunasa kwenye kulabu ya kichwa, na shingo ikakaa barabara. Tulipiga makofi kama watu wa harusini. Yule mwanasesere akatukodolea macho yake ya bluu, hana habari kabisa na taabu aliyotupa.

Arlette akamimina mvinyo, akamtazama mdogo wake.

"Haya, sasa umenisamehe?"

"Nikusamehe nini, dada? Usingemwangusha, ningemtambuaje?"