Sweta la Kumtolea Mtoto Nje

Juzi hapa Mikumi, fundi baiskeli jirani yangu alikuwa akibadilisha spoku, mbili zikamponyoka na kuanguka kwenye sakafu ya saruji. Mlio wake ulikuwa mwembamba tu, wala hauna makuu. Lakini mimi niliyekuwa nikipepeta mchele barazani nilisimamisha ungo, nikabaki nimekaa kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mama yangu alikuwa akifuma kwa spoku. Kule Tindiga nilikokulia hatukuwa na sindano za dukani za kufumia. Mama alichukua spoku mbili za baiskeli ya baba iliyochoka, akazikata na kuzisugua kwenye jiwe la kunolea hadi ncha zikawa haziumizi kidole. Siku ambazo mvua ilituzuia kwenda shambani aliketi mlangoni akifuma, na zile spoku zikawa zinagongana taratibu. Kwa mlio ule niliweza kujua hali yake. Ukiwa wa haraka, amefurahi. Ukikatika, ujue anahesabu vitanzi, na ole wake atakayemsemesha.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka saba, na mama alikuwa mjamzito. Kwa miaka yote saba nyumba yetu haikuwa imesikia kilio cha kichanga kingine, na bibi yangu, mzaa baba, alikuwa ameshaanza kupitisha maneno ya chini chini. Kwa hiyo mimba ile ilipoonekana, kila mtu alitembea kwa adabu. Mama akaanza kufuma nguo za siku ya arobaini, siku ambayo mtoto hutolewa nje watu wamwone: sweta, kofia yenye kishada, na soksi mbili ndogo kuliko vidole vyangu vya gumba. Uzi ulikuwa wa njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji.

Mtu asiyeijua Tindiga anaweza kuuliza sweta la nini. Kule ni bondeni, jua likikolea hata kuku hutembea midomo wazi. Lakini mtoto mchanga lazima avae sufu, hilo halikuwa na mjadala. Bibi alikuwa akisema, "Mtoto bila sweta watu watauliza kama ana wenyewe."

Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mikono mbele, uzi umezungushwa humo, huku mama akiukunja kuwa donge. Mikono ilikufa ganzi, pua ikawasha, lakini sikuthubutu kujikuna. "Tulia hivyo hivyo, dada mtu," mama aliniambia. Hakuna cheo nilichowahi kupewa maishani kilichonifurahisha kama kile cha dada mtu.

Siku zilipotimia, baba alimpeleka Kilosa mjini kujifungua. Walirudi siku ya tatu asubuhi, kwa gari la kukodi. Mama alikuwa kiti cha mbele. Baba alikuwa nyuma, amepakata kifurushi kilichofungwa kwa kanga, nami nikadhani ni nguo za kufua. Nilikimbilia upande wa mama nikachungulia mapajani mwake. Hapakuwa na kitu. Baba na wazee wawili walipita nyuma ya nyumba na jembe, na walirudi kabla chai ya bibi haijachemka.

"Mtoto yuko wapi?" nilimuuliza bibi.

"Amerudi kwa mwenyewe," alijibu, akipuliza moto. "Usimuulize mama yako. Umesikia?"

Nilisikia. Mtoto ana mwenyewe, na mwenyewe amemchukua. Kwa akili yangu ya miaka saba jambo lile lilikuwa dhuluma, lakini lilieleweka. Nilichoshindwa kuelewa ni mama. Kila asubuhi alifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akazitoa zile nguo za njano, akazitandaza magotini na kulia bila sauti. Kisha alizikunja na kuzirudisha. Nilikuwa nikimtazama kwenye upenyo wa pazia. Siku ya nne nikahitimisha kwamba nguo zile zilikuwa kama kitunguu. Zikiondolewa, machozi yatakoma.

Jirani yetu alikuwa Mama Minza. Walikuwa wafugaji, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Msimu uliotangulia ng'ombe wale walikuwa wameingia kwenye mpunga wetu, baba na Baba Minza wakatoleana maneno makali, na tangu hapo nyumba mbili zile hazikusalimiana. Lakini mimi na Minza tulikaa dawati moja, na watoto hawana mpunga wa kugombania. Minza alikuwa ameniambia mama yake amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba bado hana sweta.

Mama alipokwenda kuoga nilifungua sanduku. Nilizifutika zile nguo ndani ya sketi ya shule, nikampa Minza njiani. "Mwambie mama yako zimetoka kwetu," nilisema, nikajiona mtu mzima.

Kesho yake asubuhi mama alifungua sanduku. Alitoa kanga moja moja, akatoa shuka, akalipindua sanduku zima juu ya kitanda. Kisha akatoka uani akasimama mbele ya bibi.

"Mama, mmezipeleka wapi?"

"Nini tena, mwanangu?"

"Nguo za mtoto. Najua mlitaka nisizione. Nirudishieni."

"Wallahi sijazigusa," bibi alisema.

Mama hakumwamini. Hakumtukana, maana huyo alikuwa mama mkwe wake, lakini aligeuka akaingia ndani, na tangu saa ile hakula chakula kilichopikwa na mkono wa bibi. Bibi aliendelea kupika na kumpelekea. Sahani zikawa zinarudi kama zilivyokwenda. Nilimkuta bibi jikoni akijifuta macho kwa ncha ya kanga, nami nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nimezitoa mimi, na sikuyasema. Niliogopa fimbo. Siku mbili nilizunguka nyumba ile nikiwa na jibu mdomoni, nikamwacha bibi yangu alibebe kosa langu.

Siku ya tatu, mchana, Mama Minza aliingia uani kwetu. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mkononi kuku aliyefungwa miguu. Alipiga magoti mbele ya bibi. "Shikamoo mama."

Bibi alichelewa kidogo. "Marahaba."

"Nimekuja kumpa pole mwenzangu. Na kumshukuru. Kwa msiba aliokuwa nao, akanikumbuka mimi. Sisi tuliowakosea."

Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Mama Minza alifungua mbeleko akamzungusha mtoto mbele, na tukaona wote: sweta, kofia yenye kishada, soksi. Njano tupu kwenye jua.

Bibi alinitazama. Hakumtazama mtu mwingine, alinitazama mimi, nami nikatazama chini, na nadhani mama naye aliona. Mama Minza hakuwa mjinga. Aliwaangalia, akaniangalia, akashika kifungo cha kwanza.

"Jamani, dada, sikujua. Mwanangu aliniambia umezituma wewe. Ngoja nimvue."

"Usimvue," mama alisema.

"Hapana, dada..."

"Usimvue. Limemkaa vizuri." Akanyoosha mikono. "Nipe nimshike."

Aliketi kwenye mkeka, akampakata. Mtoto alikuwa mnene, akatafutatafuta kwa mdomo kwenye kifua cha mama, akalia kidogo. Mama akamkumbatia zaidi. Nikaona gauni la mama limelowa mbele, doa kubwa linalotambaa, na mimi niliyetafuta neno lolote la kuniokoa nikapaza sauti: "Mama, amekukojolea!"

Mama Minza aligeuza uso upande. Bibi akafunika mdomo kwa kanga.

"Ndiyo, mwanangu," mama alisema, bila kuinua macho. "Amenikojolea."

Sikuchapwa. Jioni ile mama alichukua sahani kutoka kwa bibi akala, na bibi akaketi karibu naye hadi alipomaliza. Mama hakupata mtoto mwingine. Sikumwona tena akishika spoku zake.

Nilijifungua miaka ishirini na zaidi baadaye, hapa Mikumi. Siku ya tatu niliamka asubuhi gauni limelowa chapachapa, wakati mwanangu amelala kwenye kitanda chake, hata hajalia. Nilikaa nikalitazama doa lile. Nikakumbuka kwamba siku zile bibi alikuwa akiingia chumbani kwa mama kila asubuhi na kitambaa kirefu, akimfunga kifua, nami nikadhani mama ana kikohozi. Nikachukua simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu kaamkaje?"

"Hajambo." Kisha nikasema, "Mama, mtoto wa Mama Minza siku ile hakukukojolea."

"Hapana," alisema. "Hakunikojolea."

"Nisamehe."

"Ulikuwa mdogo. Ungejua nini?"

Nilidhani nguo ndizo zilizokuwa zikimliza. Mtoto hakuacha picha, wala sauti, wala mtu hata mmoja wa kumzungumzia. Tulikuwa tumeambiwa tusimtaje, nasi tukatii. Zile nguo ndizo alizobaki nazo za kumshika mwanawe, na mimi, kwa kumpenda, nikamnyang'anya. Halafu akaketi mbele yetu na maziwa yake, akakubali kuwa ni mkojo ili mimi nisiaibike.

Nilimuuliza swali ambalo nyumba yetu haikuwahi kuuliza: mtoto alikuwaje? Akasema alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi. Baba alimwambia asimtazame, yeye akamtazama.

"Ulimpa jina?"

"Nilimpa."

Akalitaja, polepole, kama anayejaribu kama bado linatamkika. Mengine yote nimewaambia. Jina hilo mniruhusu nibaki nalo. Limesemwa mara chache mno.