Gesi ya Makala

Mungu asifiwe, anayetupa pumzi kila asubuhi.

Mjukuu wangu wa kike alizaliwa na ugonjwa: sukari hujilimbikiza katika misuli yake na kuidhoofisha, hata ile ya kupumulia. Watafiti walitaka avute gesi ili wapime mapafu yake. Nikauliza ni gesi gani.

“Ile ya makala, Baba, lakini kidogo sana,” daktari akajibu.

Jirani yetu alikufa kwa moshi wa mbabula, jiko la makala, yaani makaa, aliloliwasha ndani wakati wa baridi. Nikainuka, nikafungua madirisha yote ya hospitali.

“Uvute wewe kwanza,” nikamwambia daktari.

Akavuta, akabana pumzi, akapuliza. “Niko muzima, Muzee?”

Ndipo nikamruhusu mtoto. Madirisha sikuyafunga.

Msomaji, Bwana ailinde pumzi yako.