Miezi Kumi na Minane ya Honorine

Mizani ya zahanati iliishia kilo mia moja na ishirini, na Honorine Nyirahabineza alikuwa ameivuka. Kwa hiyo, mwezi wa Julai mwaka 2001, muuguzi alimwomba aende kwenye ghala la ushirika wa mpunga, pale Bugarama, akapimwe kwenye mizani ya magunia. Alipanda juu ya ubao, karani akasogeza jiwe, akasoma: kilo mia moja thelathini na moja. Wanaume waliokuwa wakishona magunia waliinamia sindano zao kwa adabu. Mmoja tu alisema kwamba gunia hilo bado lina maji, lirudishwe kuanikwa, na mwenzake akampiga kiwiko. Honorine aliuliza hesabu mara ya pili, akaiandika kwenye kipande cha karatasi, akarudi zahanati kwa miguu. Hakuona aibu. Alikuwa ameacha kuiona zamani, wala siku yenyewe hakuikumbuka.

Alizaliwa Bukavu mwaka 1971, katika familia ya Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko kabla yeye hajazaliwa, akarudi na wazazi wake mwaka 1995. Bukavu, mwili mnene ulikuwa heshima ya mwanamke na ya mumewe pia. Bugarama mambo yalikuwa mengine. Mwishoni mwa mwaka 1996, watu walipokuwa wakirudi kutoka kambi na misitu ya Kongo wakiwa mifupa mitupu, unene wake ulikuwa kama jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa sauti: wewe mwenzetu, ulikuwa unakula nini? Alikuwa akila kama wengine, pengine pungufu yao. Hakuna aliyesadiki, na baada ya muda hata yeye aliacha kulisema.

Mumewe, Ndagijimana, alikuwa mjaza mifuko katika kiwanda cha saruji, mtu asiyeishiwa vumbi kwenye nyusi hata Jumapili. Mke wake wa kwanza na watoto wao wawili walikufa kwa kuhara damu kambini, wote watatu katika muda wa siku tisa. Mama yake, bibi Nyirahabimana, alikuwa amezaa watoto sita, naye aliyebaki alikuwa huyo mmoja. Honorine na Ndagijimana walifunga ndoa kanisani mwaka 1997, na tangu hapo lililosubiriwa katika ua ule lilikuwa jambo moja tu, nalo ni mtoto. Bibi hakulificha. Kila mwanzo wa mwezi alimtazama mkaza mwana wake kutoka kifuani kwenda chini, kisha akatazama kando.

Hedhi ya Honorine ilikuja mara mbili kwa mwaka, mara tatu ukiwa mwaka mwema. Nywele ngumu zilimwota kidevuni, akizinyoa kwa wembe kila Jumamosi mlango ukiwa umefungwa. Tumbo lake lilikwisha kuwadanganya watu mara mbili, na mara moja lilimdanganya hata yeye mwenyewe.

Daktari wa Kibelgiji aliyepita kwa wiki mbili katika hospitali moja ya misheni ndiye aliyempa ugonjwa huo jina. Alimchorea ovari kwenye karatasi, akazijaza vidoti. Hivi, alisema, ni vifuko vidogo. Yai linaanza kukua, halikomai, linabaki humo. Ugonjwa unaongeza mwili, na mwili unaulisha ugonjwa, na duara hilo halina mlango. Alimwambia pia kwamba kwao wako wanawake waliokatwa tumbo la chakula, wakapungua, mwezi ukarudi, na baadhi yao wakazaa. Hakumwahidi kitu. Honorine alipenda kwamba hakumwahidi kitu.

Dada yake Mukakalisa alikuwa akiishi Liège, akifanya usafi katika hospitali, na ndiye aliyeshughulikia barua, viza na yote mengine. Tarehe 12 Novemba 2002 Honorine alipasuliwa. Tumbo lake lilikatwa, kikaachwa kifuko chenye ukubwa wa yai la kuku, nacho kikaunganishwa na utumbo wa mbele zaidi, ili chakula kipite njia ya mkato. Alipewa masharti matatu, akayakariri kama mtoto anavyokariri katekisimu. Ale vijiko vichache kila mara, na akizidisha atatapika. Ameze vidonge vya madini na vitamini asubuhi na jioni, maisha yake yote, maana njia ile mpya hainyonyi vya kutosha. Asibebe mimba kabla ya miezi kumi na minane kutimia, kwa kuwa mwili unaopungua kwa kasi hauwezi kulisha mwingine. Kwa sababu hiyo akakabidhiwa na boksi la mipira ya kinga.

Alirudi mwezi wa Machi. Aliposhuka kwenye gari barabara ya Nyakabuye, mwanamke waliyekuwa wakilima naye alimshika mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema pole. Honorine alidhani anapewa pole ya safari.

Mtu mwenye haki hana budi kuyaona mambo kama bibi Nyirahabimana alivyoyaona. Mkaza mwana aliondoka mnene, amerudi amepungua kilo thelathini na nane, na bado anaendelea kupungua. Nywele zinamtoka kwa mafungu, jambo ambalo madaktari walikuwa wamelitabiri, lakini walilitabiri kwa Kifaransa na huko Liège. Anakula vijiko vinne, mara nyingine anavirudisha nyuma ya nyumba. Anameza vidonge kwa saa, asubuhi na jioni, na akiulizwa hadi lini, anajibu hadi kufa. Kubwa kuliko yote, amemwambia mumewe atumie mipira. Katika miaka ile hapakuwa na ua usiokuwa umezika mtu mwenye dalili hizo, na kila mama alikuwa amejifunza kuzisoma bila kufundishwa. Jamaa yao wa Rwimbogo, Twagirayezu, alikuwa nazo zote. Alipokosa dawa alidumu siku ishirini na sita.

Honorine alieleza. Alifunua hata kovu. Bibi aliliangalia kwa makini, akasema kovu ni kovu.

"Muntu wa akili timamu anapanda ndege kusudi bamukate tumbo asikule?" aliuliza. "Sisi tulikula majani kule porini, na hatukuomba munganga ruhusa."

Majirani waliokuwapo walicheka. Honorine naye alicheka kidogo, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa na ukweli wake.

Mwezi uliofuata alikwenda kupimwa damu kwa hiari yake, akaleta karatasi. Hakuwa na virusi. Bibi hakujua kusoma. Ndagijimana alijua, akaisoma amesimama, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Karatasi inasema hauna," alisema. "Vidonge vinasema uko nayo."

Honorine alimwomba waende wote wawili, wapimwe pamoja, ili aone kwa macho yake. Alijibu kwamba ataangalia zamu yake kiwandani. Aliiangalia kwa miezi mitano. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alihamishia godoro lake nyumba ya mama yake, akaendelea kumsalimu kila asubuhi. Honorine alipewa sahani yake, kikombe chake na mrija wake wa pombe. Katika nchi ambamo mrija mmoja huzunguka mdomo hadi mdomo, kupewa wako peke yako ni kuonyeshwa mlango kwa upole. Hakuutumia. Pombe, hata hivyo, kifuko chake kisingeivumilia.

Mwezi wa Septemba bibi alisafiri hadi Gikundamvura, akarudi na binti aitwaye Uwayezu, mpole, mwenye mikono ya kulima. Ofisi haikuandika kitu, na kanisa halikuambiwa. Bibi alikuja mwenyewe kumweleza Honorine, akaketi, akasema hamtendei kwa ubaya. Mtu aliyebakiwa na mbegu moja haipandi kwenye shamba lenye ugonjwa. Honorine alisema amesikia. Alitazamia kulia, akangoja, kilio hakikuja, akaenda kuwainga ndege kwenye mpunga.

Wakati huohuo mwili wake ulikuwa ukitekeleza walichosema madaktari. Hedhi ilirudi mwezi wa Agosti. Mwezi wa Oktoba ilikuwa imeshika mwendo, siku ishirini na tisa, tena ishirini na tisa. Aliweka alama kwenye kalenda ya parokia, nyuma ya mlango. Tarehe 12 Mei 2004 alikwenda kumngoja mumewe njia ya kiwandani, akamwambia miezi kumi na minane imekwisha. Ndagijimana alisema amesikia. Alikuwa amechoka, na Uwayezu alikuwa na mimba ya miezi minne.

Vidonge vya Honorine vilikuwa vikipitia Bukavu. Mukakalisa aliwapa wasafiri, wasafiri wakampelekea shangazi wa hao dada wawili, naye Honorine alivuka daraja la mpakani kuvichukua kila baada ya miezi mitatu. Mwanzoni mwa Juni bunduki zililia Bukavu, mpaka ukafungwa, na watu waliovuka na magodoro kichwani walisema mtaa wa shangazi haufikiki. Vidonge vya mwisho alivimeza tarehe 9. Ua mzima ulijua, kwa sababu kopo tupu aliliosha akalianika.

Bibi Nyirahabimana alianza kuhesabu. Hakuwa mtu mkatili, ila alikuwa amekwisha kuzika watano, na kuhesabu kulikuwa kwake namna ya kujiandaa. Alimtuma Uwayezu amchotee Honorine maji. Alimletea mkeka mpya, akauacha mlangoni bila maelezo. Siku ya ishirini na sita, ile ya Twagirayezu, alikuja tangu asubuhi, akaketi kwenye ngazi, akangoja. Honorine alipita mbele yake na jembe, akamwamkia, akaenda kulima. Jioni alirudi. Pembe za mdomo wake zilikuwa zimepasuka na miguu ilikuwa mizito, zaidi ya hapo hakuna. Ikafika siku ya arobaini, ikafika ya arobaini na tisa, ndipo shangazi alipopata mtu wa kuvusha kifurushi. Bibi alimtazama akimeza kidonge cha kwanza.

"Kumbe ni tumbo kweli," alisema.

"Ni tumbo, mama."

"Ningejua."

Hakumaliza. Honorine hakumsaidia kumaliza. Bibi akaanza kuchambua maharage yaliyokuwa pale, kwa kuwa yalikuwa pale.

Uwayezu alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Oktoba. Siku ya nane wakakusanyika kumpa jina, kama ilivyo desturi. Watoto wa majirani walilimishwa kipande kidogo cha shamba kwa vijiti, wakanawa, wakala, kisha kila aliyekuwapo akataja jina alilompa mtoto. Mmoja wa vijana alimwita Saruji, na babu mmoja akamkemea huku akicheka. Bibi alitaka Honorine aseme mapema, kama mke mkubwa, akampisha kwenye mkeka, karibu na mzazi. Mtoto aliwekwa mapajani mwake. Alikuwa mzito kuliko alivyotazamia. Honorine alimtazama kwa adabu, akasema Bimenyimana. Watu wakaitikia kwamba ni jina zuri. Lilikuwa la kwanza lililomjia. Lile alilolichagua kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe, mwaka wa ndoa yake, hakulitaja. Mwishowe baba alimwita Izabayo.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Ndagijimana alimfuata hadi penye tangi la maji. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alisimama akikuna mkono.

"Mama amenieleza," alisema. "Leo nitarudisha godoro."

Honorine alikuwa akisuuza sahani. Alijaribu kutafuta ndani yake hasira au furaha, lolote kati ya hayo mawili, jinsi mtu apapasavyo mfukoni. Kisha akakumbuka kalenda ya parokia na alama za hedhi yake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

"Godoro lete siku yoyote," alisema. "Wewe uje Alhamisi ya wiki ijayo."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Ndiyo siku ya kumi na nne."

Ndagijimana alifikiri, akasema Alhamisi ana zamu ya mchana, atatoka saa kumi. Honorine akasema saa kumi inafaa.