Senti Chache kwa Lita

Watu huniambia petroli ni petroli tu, nami huwaacha waseme. Mwaka ule bei ilipopanda mpaka madereva wakawa wanagombana kwenye pampu, baba yangu, karani wa duka la vitambaa mjini, hakubadilisha neno. "Gari langu linakunywa super," alisema. "Hiyo regula ya bei nafuu wawape wengine." Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, kalinunua kwa mkono wa pili baada ya miaka ya kujinyima, lakini mzee wa watu alilipenda jamani! Kila Ijumaa akitoka kuswali alilipangusa kwa leso ya marehemu mama. Aliniahidi kuwa siku nikiolewa litakuwa langu.

Kazi ya kulijaza mafuta ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kila Jumamosi nilitoka nyumbani mtaa wa Jamhuri hadi kituo cha petroli Ngara nikijiona malkia. Duka la jirani na kituo liliuza viatu vyekundu vya soli nene. Wasichana wote wa ofisini kwetu walikuwa navyo. Nikapiga hesabu zangu za kijinga: nikiweka regula, kila lita inaniachia senti chache, na Baba atajulia wapi? Jumamosi ya kwanza moyo ulinidunda. Ya pili haukudunda.

Baada ya miezi kadhaa viatu nikavipata. Lakini gari nalo lilikuwa limeanza kugonga. Tukipanda mlima wa kuelekea Kileleshwa injini inalia ko-ko-ko, na Baba ananyamaza katikati ya maneno yake ili asikilize. Uso ulimsinyaa kama aliyeletewa habari za mgonjwa. Mwishowe tukalipeleka kwa fundi, kule kule Ngara.

Fundi alisikiliza, akafuta mikono. "Mzee, unaweka mafuta gani?"

"Super," Baba akajibu. "Muulize binti yangu, yeye ndiye hujaza."

Fundi akanigeukia. Nilikuwa nimevaa vile viatu.

"Super," nikasema.

"Kama si regula inayoigongesha, basi injini imechoka. Inataka kufunguliwa yote."

Pesa za kufungua injini Baba angezitoa wapi? Aliliuza kwa bei ya kutupa kwa mwalimu mmoja wa Kileleshwa, na Jumatatu akaenda kazini kwa basi. Nami, aibu yangu, nilikaa kimya. Nilijiambia nitasema kesho, nitasema kesho, hadi mwaka ukaisha.

Siku moja tulikuwa tumesimama kituoni Kileleshwa, Baba na mimi, tukingoja basi. Gari letu likapita, likaukwea ule mlima bila kugonga hata kidogo. Baba akanishika mkono.

"Sikiliza! Limepona!" Akalifuata kwa macho mpaka likaishia kwenye kona. "Yule bwana kajua kulitunza. Mimi sikujua. Nisamehe, mwanangu, nilikuahidi litakuwa lako."

Mimi ndiye niombwe radhi! Nikainama nikatafuta nauli mkobani. Basi likaja, tukapanda.

Alikufa akiamini kwamba ni yeye aliyeliharibu. Vile viatu sikuvivaa tena, lakini hilo lilimfaa nini?